Pongezi kwa Seremala wa Reli za Droo

Katika nyika ya Gotu, kaunti ya Isiolo, ambako maji ya Ewaso Ng'iro hupita yakielekea kinamasi cha Lorian, na ambako vumbi jembamba hupenya hata ndani ya sanduku lililofungwa, seremala atiaye mtoto wa meza astahili taadhima kubwa, kwani mbao hunywea wakati wa kiangazi na kufura wakati wa mvua.

Fundi hodari huuliza kwanza droo itabeba nini: kwa nguo na nyaraka hutosha reli za mbao ngumu zilizopakwa nta ya mshumaa, kwa vyombo vizito huchagua reli za chuma zenye gololi, akiacha nusu inchi kila upande, asizidishe wala asipunguze. Kisha huhakiki pembe kwa skwea, hukaza skrubu chache, huvuta na kusukuma, na droo ikienda sawa ndipo hukaza zilizosalia.

Kazi hii haionekani na mgeni, bali mkono wa mwenye nyumba huitambua kila siku. Nasi twawashukuru mafundi hawa kwa insafu na subira yao, tukiwaomba wawarithishe vijana ujuzi huo ukiwa kamili.