Chupa ya Shangazi

Mwalimu wetu hapa Gitega alitutaka tuhakiki kazi yoyote ya sanaa, mradi tutazame fani na maudhui. Wenzangu wamechukua riwaya na taarabu. Mimi nimechukua marashi: J'adore ya kampuni ya Dior, ambayo shangazi yangu wa Muyinga aliletewa na mdogo wake anayeishi Ubelgiji. Sioni kwa nini yasihakikiwe. Yana mtunzi, Calice Becker, yana mwaka wa kutolewa, 1999, na yana mwanzo, kati na mwisho kama hadithi.

Mwanzo haukunipendeza. Ukipuliza tu, matunda yanakuvamia. Wanaojua wanataja peasi na chenza. Pua yangu ilisikia pera lililoiva mno, lile ambalo watoto hulipita chini ya mti wakatafuta jingine. Ni furaha ya kelele, kama matangazo yake ya miaka mingi, ambamo Charlize Theron alikuwa akitembea kwa madaha katika mwanga wa dhahabu, mkononi hana mzigo wowote. Mwanamke wa namna hiyo sijakutana naye sokoni Muyinga.

Lakini subiri robo saa. Matunda yanatulia, maua yanashika nafasi: waridi, asumini na langilangi. Hapa mtunzi ameonyesha ufundi. Asumini ilinirudisha kwenye mibuni ya kwetu inapochanua baada ya mvua za kwanza, maua meupe yasiyodumu ila siku chache. Langilangi nayo si mgeni kwa Waswahili. Komoro ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa duniani. Huko miti hukatwa vilele na kuinamishwa ili wachumaji wayafikie maua, nayo huchumwa asubuhi na mapema na kutolewa mafuta kwa mvuke. Unguja wanawake hulitia ua hilohilo katika kikuba, pamoja na asumini na rehani. Kwa hiyo chupa hii ya Paris, na shingo yake ya pete za dhahabu, imebeba kitu cha pwani yetu.

Sasa maudhui. Mume wa shangazi alifariki mwaka jana. Shangazi alikaa eda miezi 4 na siku 10, na mjane aliye edani hagusi manukato. Chupa ilibaki juu ya kabati, ndani ya boksi lake. Siku eda ilipokwisha alioga, akavaa kitenge kipya, akajipulizia mara mbili, akaketi barazani. Nilikuwa pale, nikiwa likizoni. Jirani mmoja alipita, akanusa, akasema, "Mama, mbona umesahau upesi?"

"Karibu uketi, dada," shangazi akamjibu.

Hakuketi.

Mimi niliketi hadi jioni, tukichambua maharagwe. Matangazo yanaahidi mwanamke anayetazamwa na kila mtu. Nilichosikia kwenye mkono wa shangazi saa tatu baadaye kilikuwa kingine kabisa: ua lililochoka kidogo, joto la ngozi, kitu kisichomfikia mtu ila amesogea karibu. Hali hiyo si shangwe, wala si kusahau. Ningeiita utulivu wa mtu aliyerudi nyumbani kwake mwenyewe. Jirani alisoma sura ya kwanza akaenda zake, na kusema kweli, mwandishi wa sura hiyo naye ana lawama.

Bado nasema mwanzo una kelele, na kwamba udi hukaa kwenye nguo kuliko marashi haya. Ningekuwa mhariri wa Calice Becker ningempunguzia matunda nusu nzima.

Siku ya kurudi Gitega shangazi alinipulizia mtandio bila kuniuliza. Gari lilipofika Karusi, dizeli ilikuwa imekwisha kuyashinda matunda. Langilangi ilikuwa bado ipo, upande wa ndani, pale mtandio ulipogusa shingo.