Si kila 'ogania' ni asilia: Ila za tafsiri ya istilahi za elektroniki

Umezuka mtindo wa kutafsiri istilahi za sayansi kwa pupa, mtafsiri asijiulize kitu chenyewe kinafanyaje kazi. Istilahi za elektroniki ogania ni ushahidi tosha.

Tuanze na hilo neno 'ogania'. Kwa kuwa tumezoea kusikia mboga za asilia, yaani zisizopigwa dawa, wapo wanaosema 'elektroniki asilia'. La hasha! Katika kemia, kampaundi ogania huwa na kaboni, hata ikiwa imeundwa maabarani. Skrini za OLED katika simu hutoa mwanga kupitia tabaka za kampaundi hizo, zenye unene wa makumi ya nanomita. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Uasilia uko wapi hapo? 'Elektroniki ya kaboni' inakaribia, ila inakumbatia hata grafini, ambayo si ogania. Heri kutohoa.

Pili, kazi ya kompyuta katika taaluma hii huitwa 'kuunda mifano'. Mfano, kwa msomaji wetu, ni kitu cha kuonyeshea jambo. Hapa kompyuta hupewa kanuni za fizikia, ikaiga mwenendo wa kifaa hata kabla hakijaundwa. Huo ni uigaji.

Kosa kubwa zaidi limo katika kitenzi. Tumezoea kwamba umeme 'hutiririka', na kwa waya wa shaba sina neno. Lakini katika mata nyingi za ogania, molekuli zimekaa shaghalabaghala, na chaji huruka kutoka molekuli moja hadi nyingine. Mwaka 1993, Heinz Bässler alieleza uigaji wa mruko huo kwa mbinu ya Monte Carlo, iliyopewa jina la mtaa wa kamari kule Monaco, kwani kompyuta huteua kila mruko kwa bahati nasibu yenye vipimo.

Sasa, ukiandika 'hutiririka', msomaji ataelewaje kwamba joto husaidia chaji kuruka katika mata hizi, ilhali katika shaba joto huongeza ukinzani? Kitenzi kimemnyima maarifa yenyewe.

Wanaodai kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi hufurahia tafsiri kama hizi. Lugha haina hatia. Kitenzi 'kuruka' tulikuwa nacho tangu jadi. Mtafsiri ndiye hakukitafuta.