Tone la Mwisho

Ukifika Sepuka, wilayani Ikungi, baada ya mavuno, utaikuta alizeti kila upande. Vichwa vinapigwa uani, magunia yanasubiri zamu kwenye mashine ya kukamua, mashudu yanawekwa kando kwa ajili ya mifugo. Mkamuaji mzoefu hunusa mafuta na kuyagusisha ulimini, kisha hukwambia kama mbegu zilikauka vizuri au ziliwekwa ghalani na unyevu. Kijana wa huko akienda kusoma kemia Chuo Kikuu cha Dodoma, mkoa wa jirani, anaweza kudhani ujuzi huo ameuacha nyumbani. Kumbe maabara itamfundisha ujuzi uleule, kwa kutumia bureti.

Bureti ni mrija wa kioo uliosimamishwa wima, wenye koki chini na alama za mililita 0 hadi 50. Mjerumani Karl Friedrich Mohr alichapisha kitabu kuhusu upimaji wa aina hii mwaka 1855, na msingi wake haujabadilika. Unadondosha kimiminika ambacho nguvu yake unaijua ndani ya kile usichokijua, mpaka kimoja kikimalize kingine. Wanafunzi wanaiita taitresheni. Kuieleza ni dakika moja. Kuimudu kunataka mihula.

Mtazame mwanafunzi aliyeiva akipima asidi iliyomo kwenye mafuta ya alizeti. Anapima gramu 10 kwenye flaski ya koni, anaongeza ethanoli ambayo asidi yake imekwisha kuondolewa, kisha matone machache ya fenolfthalini. Bureti ameisuuza kwa hidroksidi ya potasiamu yenyewe, maana maji yaliyobaki ndani yangeipunguza nguvu. Amefungua koki kidogo kufukuza kiputo cha hewa kilichojificha chini yake. Faneli ameiondoa, isije ikadondosha tone lisilohesabiwa. Anainama mpaka jicho lilingane na uso wa kimiminika, anasoma pale chini kabisa unapobonyea, anaandika. Yote haya kabla kipimo hakijaanza.

Kisha mkono wa kushoto unashika koki, wa kulia unazungusha flaski juu ya kigae cheupe. Mafuta hayachanganyiki kirahisi na kinachodondoka, kwa hiyo mzunguko hausimami. Pinki ya fenolfthalini inatokea na kupotea. Inatokea tena, inakawia kidogo kabla ya kupotea. Hapo mkono unapunguza kasi. Wengi wanaoanza huharibu hapa, kwa kungoja rangi ikolee. Pinki iliyokolea maana yake mpaka umeshapitwa. Fundi huachia nusu tone lining'inie kwenye ncha ya bureti, huligusisha na ukuta wa flaski, kisha huliteremsha kwa maji kidogo. Pinki hafifu ikidumu sekunde 30, amefika. Atarudia mpaka majibu yake yakaribiane kwa mililita 0.1.

Tuseme zimetumika mililita 5 za hidroksidi yenye nguvu ya molari 0.1. Hesabu inatoa miligramu 2.8 za hidroksidi kwa kila gramu ya mafuta. Viwango vya kimataifa vya Codex vinaruhusu hadi 4 kwa mafuta yaliyokamuliwa bila kusafishwa kiwandani, kwa hiyo haya yamepita. Mbegu zingewekwa na unyevu, vimeng'enya vilivyomo vingeanza kuyavunja mafuta na kuachia asidi, na namba ingepanda. Unyevu huohuo ndio mkamuaji aliounusa. Pua yake imesema kweli, na bureti imeiandika kweli hiyo kwa namba ambayo mnunuzi wa Dar es Salaam au Nairobi hawezi kuipinga.

Ninachokiheshimu zaidi katika kazi hii ni uaminifu wake. Mwanafunzi yuko peke yake na jicho lake, na ni rahisi mno kuandika 5.00 pale bureti inaposema 5.15. Anayeandika alichokiona, siku baada ya siku, amekwisha kuwa mkemia hata kabla ya kuvaa joho.

Kwa hiyo, wewe unayesoma kemia na kwenu wanalima alizeti, likizo ikiisha rudi chuoni na chupa moja ya mafuta ya nyumbani. Mwombe mwalimu wako nafasi uyapime. Kisha jibu lipeleke kijijini, ukalisome mbele ya waliolima.