Nani Alimwua Bwana Ali?

Wako wasemao ya kuwa hadithi za mauaji hazimfai msomaji mwenye adabu, kwa kuwa humzoeza kuitazama damu bila kushtuka. Mimi sikubaliani nao. Wakati wa mvua zilizopita tulisoma kwa sauti nyumbani kwangu, hapa Sakina kando ya barabara iendayo Namanga, kitabu cha Muhammed Said Abdulla kiitwacho Mzimu wa Watu wa Kale. Majirani walikuja bila kuitwa, hata wengine wakaketi kizingitini. Tulipomaliza, mzee mmoja aliniuliza neno ambalo limenisumbua hata leo, nami nitalieleza mahali pake.

Mtungaji alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alikuwa mkaguzi katika idara ya afya, kisha akashika kazi ya magazeti, na mwaka 1958 akawa mhariri wa gazeti la Mkulima. Hadithi hii ilishinda tuzo ya kwanza katika mashindano ya 1957-58 yaliyofanywa na East African Literature Bureau, ikapigwa chapa mwaka 1960.

Mambo yaanza hivi. Bwana Ali, tajiri wa mashamba, aonekana ameuawa penye mzimu, mahali ambapo watu hupaogopa tangu zamani. Mara jibu limekwisha kupatikana: mzimu umemwua. Ndipo aingiapo Bwana Msa na kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum. Wengi wamemfananisha Msa na Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle, nao kweli wafanana, kwa kuwa wote wawili huokota vitu vidogo ambavyo wengine wamevikanyaga. Lakini kazi ya Msa naiona ni nzito zaidi. Holmes hutafuta mtu aliyejificha. Msa hana budi kwanza kuwashawishi watu kwamba yuko mtu wa kutafutwa. (Isipokuwa katika ile habari ya mbwa wa ukoo wa Baskerville, ambamo Holmes naye hushindana na hofu ya namna hii.)

Jina la mwuaji silitaji, maana nisingependa kumharibia mtu utamu. Nataka kuuliza jambo jingine: kwa nini jibu la mzimu lilipendeza upesi hivyo? Husemwa ni ujinga. Mimi nadhani si ujinga tu. Mzimu hauna mama wala ndugu. Hauitwi barazani, haufungwi gerezani. Ukiisha kuushitaki mzimu, kila mtu nyumbani mwa marehemu aweza kwenda kulala. Hili Abdulla ameliona vema, na hapo ndipo ilipo nguvu ya kitabu chake: amekinyang'anya kifo kile kutoka kwa mizimu akakirudisha kwa wanadamu wenye mikono.

Nayajua haya si kwa kusoma tu. Miaka kadhaa iliyopita, katika kijiji kimoja cha upande wa juu wa mlima Meru, kijana alionekana alfajiri amekufa ndani ya mfereji wa maji. Kabla ya maziko jina la bibi kizee mmoja lilikuwa limekwisha kutajwa. Hakuna aliyeuliza kijana alikunywa na nani usiku ule, wala ugomvi wa mpaka wa shamba ulikuwa umefika wapi. Bibi yule alihamia kwa binti yake, hakurudi tena. Mimi nilikuwapo barazani, mwalimu mzima, nikanyamaza. Mzee wangu huyu wa Sakina naye alikuwapo.

Basi swali lake lilikuwa hili: "Mwalimu, na wafiwa je? Baada ya kumjua mwuaji, walikaaje nyumba ile?"

Nilikifungua kitabu tena nitafute jibu, nisilipate la kunitosha. Kilio kimo, lakini chapita upesi. Wafiwa katika hadithi hii ni watu wa kuhojiwa. Hutazamwa ili ijulikane wanaficha nini, na fundo likiisha kufunguliwa mtungaji huwaacha. Najua atetewavyo. Hadithi ya upelelezi yapaswa kwenda mbio, na Abdulla ni fundi wa mazungumzo, mwenye Kiswahili cha Unguja kitamu mno. Nani atamdai zaidi? Lakini mimi namdai, kwa sababu kuna masimulizi ya zamani yaliyoweza yote mawili.

Tazameni habari za Yusufu katika kitabu cha Mwanzo. Ndugu zake wamemwuza kwa vipande 20 vya fedha, wamelichovya vazi lake katika damu ya mbuzi. Hawamwambii baba yao kwamba mnyama amemla. Wanamwonyesha vazi tu, wamwulize kama ni la mwanawe. Mzee Yakobo mwenyewe ndiye amtajaye mnyama mkali. Mnyama yule ni ndugu wa mzimu wa Bwana Ali: mshitakiwa asiyeweza kujibu. Kisha wana wale wale wanainuka kumfariji baba yao. Nimesoma hadithi nyingi za mauaji, sijaona mahali pa kutisha kupita hapo. Wala msimulizi haishii hapo. Yapita miaka zaidi ya 20, na katika sura ya 42, huko Misri, mbele ya mtu wasiyemtambua, dhambi ile inawatoka vinywani bila kuhojiwa na mpelelezi yeyote.

Juma lililofuata nilimsomea mzee sura hiyo. Alisikiliza ameinamia fimbo yake. Nilipofika mwisho aliniomba nirudie pale ndugu wanaposemezana wao kwa wao, wasijue ya kuwa Yusufu anawasikia. Nikarudia. Akaniomba mara ya pili, kisha akaaga akaenda zake. Asubuhi yake aliniuliza njia ya kwenda kwa binti wa yule bibi.