Suez: Ndoo Isiyofika Chini

Picha ile sote tuliiona Machi 2021: ekskaveta moja ya manjano chini ya omo ya Ever Given, meli ya makontena iliyokwama katika Mfereji wa Suez, inachokoa ukingo wa mashariki. Watu walimcheka dereva. Dereva hana kosa. Kosa ni la aliyeona ndoo ya nchi kavu inatosha kuanzia kazi ile, na tagi zikaamriwa kuvuta huku omo ingali imezikwa.

Tuangalie vipimo. Meli ya mita 400 ilikuwa imezama majini karibu mita 16, na ule uvimbe wa mbele ulikuwa umejikita kwenye mchanga na udongo mzito wa ukingo. Ekskaveta ya kawaida, hata mkono ukinyooshwa wote, hushuka mita sita au saba. Hapo hujafika hata nusu ya kina. Halafu mchanga ulioloa hausimami wima: ukichota ndoo moja, ukingo unaporomoka na kulijaza shimo lile lile, na uzito wa mashine iliyosimama juu yake unauhimiza uporomoke. Ilichoweza ni kung'oa mawe ya ukingo na kulegeza udongo wa juu, nayo ilikifanya sawasawa. Ila omo haikushikwa na mawe. Ilishikwa kule chini, na tagi zikavuta, zikashindwa, zikarudia kuvuta.

Nimeliandika hapa mara nyingi na nitaendelea kuliandika: penye maji, chimba ukiwa majini. Mfereji huo huo ulitufundisha. Miaka ya 1860, mtawala wa Misri, Khedive Ismail, alipositisha kazi ya shokoa ya kuuchimba, wakandarasi Borel na Lavalley walileta mitambo ya mvuke inayoelea, yenye mnyororo wa ndoo, na mingine ikawa na mifereji mirefu ya chuma, hadi mita 70 hivi, iliyotiririsha tope pamoja na maji mpaka ng'ambo ya ukingo. Wale walikuwa mafundi. Kwanza waliuliza udongo uko wapi, ndipo wakaunda mashine ya kuufikia.

Kwa Ever Given nako, Mashhour, meli ya kukata na kunyonya mchanga, ilifanya kazi safi. Takriban meta za ujazo 30,000 ziliondolewa, bamvua ya mwezi mpevu ikasaidia, na Machi 29 meli iliyokwama ikaelea.

Wasimamizi wa mfereji waweke ekskaveta za mkono mrefu juu ya matishari, tayari kandokando ya njia, na tagi zisivute mpaka omo ichimbuliwe.