Rangi Yenye Uzito

Sketi ya ngozi ya Wairaqw wa Mbulu, kaskazini mwa Tanzania, ukiitazama kwa mbali, utasema ni mchoro: safu za ushanga mweupe, mwekundu na wa buluu zimejipanga juu ya ngozi ya kahawia. Isogelee. Kila nukta ya rangi ina mwili wake, punje ya kioo iliyoshonwa ikainuka kiasi cha kutupa kivuli. Ukipitisha kidole, safu zinakwaruza. Rangi hapo haikupakwa. Imepandwa punje baada ya punje, na ina uzito.

Sketi hizo zilishonwa na mabinti wa Mbulu waliokuwa ndani, katika unyago ulioitwa marmo. Binti alifichwa kwa miezi, akifundwa utu uzima, huku mikononi ana ngozi na ushanga uliotoka kwenye viwanda vya kioo vya Ulaya na kupanda kutoka pwani kwa njia za biashara. Fikiria nidhamu hiyo: kushona safu moja, kuitazama, kuamua kama rangi inayofuata itapoza au itawasha. Marmo ilikoma wakati wa ukoloni wa Mwingereza. Mimi naihesabu kuwa shule ya sanaa iliyofungwa, na walioifunga sidhani kama walijua wanafunga nini.

Kwa jirani zao, Wabarbaig wa Hanang, sketi ya ngozi ya mwanamke aliyeolewa, hanang'weend, ina heshima inayokaribia ibada. Ngozi huwambwa juani, hukwanguliwa manyoya, hupakwa mafuta na kufikichwa mpaka ikubali kufuata mwili. Kisha hukatwa vishada vyembamba, vingi, vinavyoning'inia. Kwangu mimi, hapo ndipo ufundi unapofika kileleni. Mama akisimama, vishada hivyo ni mistari iliyonyooka. Akipiga hatua, mistari yote inavunjika na kujichora upya. Hakuna ukuta unaoweza kuonyesha jambo hilo. Kazi hii inadai kiuno, nyonga na safari ya kwenda kisimani.

Ndiyo maana nikiona kazi za msanii Sanaa Gateja wa Uganda, aliyezaliwa mwaka 1950, siuoni ugeni wake. Huviringisha karatasi zilizotupwa kuwa shanga, kisha huzishona kwa wingi juu ya nguo ya magome ya mti. Zikitundikwa, watu wa majumba ya sanaa huuliza: ni picha au ni sanamu? Swali hilo lingewashangaza mabinti wa marmo. Wao hawakuwahi kuitenga rangi na umbo, wala umbo na mtu anayelivaa.

Tofauti ninayoiona, nayo inaniuma, ni jina. Kazi ya Gateja ina jina lake. Sketi za Mbulu zilizochukuliwa na kuhifadhiwa katika makumbusho ya ng'ambo mara nyingi zimeandikwa jina la kabila tu, kana kwamba kabila zima lilikaa chini likashika sindano moja. Kila moja ilishonwa na binti fulani, mwenye mama, mwenye ukoo, na wajukuu zake huenda wanalima ngano na mahindi huko huko. Picha za sketi hizo zirudishwe Mbulu na Dongobesh, zitandazwe mezani mbele ya bibi wazee, na kila watakachosema kuhusu mishono na rangi kiandikwe kwa Kiiraqw kwanza.