Nchi ya Kubuni na Watu Wake

Riwaya ya fantasia ya vijana haisimami kwa wingi wa majina mageni wala kwa ramani ya ukurasa wa kwanza. Nchi ya kubuni huaminiwa inapokuwa na sheria zake, na wahusika wakazilipia. Shaaban Robert alilijua hilo. Katika Kusadikika (1951), nchi inaelea angani, na bado msomaji huikubali. Kwani hukumu inayompeleka gerezani mjumbe wa kwanza aliyerudi safarini ndiyo inayompeleka wa sita.

Fasihi simulizi nayo ina ujenzi wa aina hiyo, na mkoa wa Mara una mifano mizuri. Masimulizi ya asili ya Wanata, wilayani Serengeti, huanza na watu wawili: Nyamunywa, mwindaji, na Nyasigonko, mkulima. Mmoja ana pori na nyama, mwenziwe ana shamba na nafaka. Hapana mwenye vyote. Katika upungufu huo ndimo inamozaliwa nyumba, kisha kabila. Mandhari ndiyo inayokisukuma kisa. Majirani zao Waikoma wana Machaba, pembe za ndovu wanazozienzi kuwa kinga ya jamii, na husimulia kuwa asili yake ni kwa Watatoga. Kwa hiyo hata kitu cha muujiza kina historia, tena kina deni kwa jirani. Kule Tarime, litungu la Wakurya, ala ya nyuzi nane yenye mvumo mzito, lakumbusha kuwa nchi ya kubuni yapasa pia isikike.

Kinyume chake ni filamu ya Bernhard Grzimek, Serengeti darf nicht sterben (1959), iliyopata tuzo ya Oscar. Haikujiita fantasia, lakini nayo ilibuni nchi: nyika ya wanyama, ambamo mwanadamu ni mvamizi. Jan Bender Shetler, katika Imagining Serengeti (2007), aonyesha kinyume: Waisenye huitaja Nyeberekera, iliyomo ndani ya hifadhi iliyoanzishwa 1951, kuwa ni makazi yao ya kale.

Mwandishi atakayeipeleka fantasia huko ana hiari ya kuleta majoka na farasi wenye mbawa. Akiyafuta makaburi na mashamba ili kuwapatia nafasi, atakuwa amekariri ubunifu wa wengine. Kijana wa Mugumu akiifungua riwaya hiyo, na ajikute mwenyeji.